Kutoka Likoni Hadi Vanga: Tunayoyasema Kuhusu Joto la Dunia

Barabara ya kusini ya Mombasa huanza kwa maji na huishia kwa maji. Mwanzo wake ni kivuko cha Likoni. Na mwisho wake, kwa mwenye kufika Lunga Lunga kisha akateremka pwani, ni mji wa Vanga ulio karibu na mpaka wa Tanzania. Baina ya maji hayo mawili kuna minazi, miembe, makaburi ya wazee wetu na misikiti ya zamani. Mwezi wa Julai tulialikwa kutoa darsa katika vijiji kadhaa vya njia hiyo, nasi tumeona ni vyema tuwaandikie ndugu zetu wasomaji habari za tuliyoyaona na, zaidi ya hayo, za tuliyoyasikia. Kwani kila tulipoketi barazani baada ya swala, mazungumzo yaligeukia jambo moja: bahari inayopanda, mvua isiyojulikana majira yake, na joto la dunia. Na karibu kila mtu alikuwa na maelezo yake.

Maelezo hayo si maneno ya kupitishia wakati tu. Mwenye kushika sababu isiyo ya kweli hutafuta dawa isiyofaa, na sisi watu wa mwambao hatuna nafasi ya kukosea dawa. Anayejenga nyumba pwani leo anawajengea wajukuu zake. Kwa hivyo tuliyaandika tuliyoambiwa, moja baada ya jingine, tukayapima.

Likoni

Asubuhi tuliyovuka, upepo wa kusi ulikuwa ukivuma na rasharasha ikianguka. Kina mama ndani ya feri walikuwa wamejifunika vizuri kwa leso juu ya mabuibui yao. Kijana mmoja akatusalimu kwa adabu, kisha akatabasamu, akasema: "Sheikh, kwa baridi hii, hilo joto la dunia liko wapi?"

Jawabu limo ndani ya lugha yetu wenyewe. Wataalamu hutofautisha hali ya hewa na tabianchi, na tabianchi maana yake ni tabia ya nchi. Mtu mpole hukasirika siku moja, na hakuna anayesema tabia yake imegeuka. Lakini akikasirika leo na kesho, mwaka huu na mwaka ujao, hapo jamaa zake hukutana wakaulizana kumetokea nini. Ndivyo ilivyo kwa nchi. Baridi ya asubuhi moja ya Julai ni hali ya hewa. Tabianchi hupimwa kwa wastani wa miaka mingi, aghalabu 30. Kwa kipimo hicho, wastani wa joto la dunia nzima umepanda kwa zaidi ya digrii 1 tangu mwisho wa karne ya 19. Hadi mwisho wa mwaka 2024, miaka 10 yenye joto kubwa zaidi tangu vipimo vianze ilikuwa ile ya 2015 hadi 2024, na mwaka 2024 ndio uliozidi yote hiyo.

Na asiseme mtu kwamba digrii moja ni kitu kidogo. Mama yeyote anajua tofauti ya mtoto mwenye joto la digrii 37 na mwenye digrii 38 na nusu. Huyo wa kwanza anacheza uani. Huyo wa pili analala mapajani na nyumba nzima haina usingizi.

Gazi

Gazi iko yapata kilomita 50 kusini mwa Mombasa, katika kaunti ya Kwale, ukingoni mwa ghuba iliyozungukwa na mikoko. Ndio mji uliokuwa makao ya Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 hadi 1896. Tulipopita karibu na jumba lake la kale, mmoja wa waliotupokea alisema kuwa habari hizi za joto la dunia ni siasa mpya ya wazungu, waliyoizua juzi ili kutuzuia sisi tusiendelee kama walivyoendelea wao.

Hofu yake tunaielewa, kwani watu wa Gazi wana kumbukumbu ndefu ya kuamuliwa mambo yao na wageni. Lakini tarehe hazikubaliani naye. Mwaka 1859 John Tyndall wa Ireland alianza majaribio yaliyoonyesha kuwa hewa ya ukaa hunasa joto. Na mwaka 1896, mwaka uleule ambao Mbaruk alishindwa akavuka kwenda upande wa Wajerumani, Svante Arrhenius wa Sweden alichapisha hesabu iliyoonyesha kuwa hewa hiyo ikizidi angani, dunia itapata joto zaidi. Wakati huo hakukuwa na mikutano ya mataifa wala Kenya ya kuzuiwa isiendelee. Ilikuwa ni elimu tu, kama elimu ya falaki ambayo wanazuoni wetu waliitumia kujua nyakati za swala.

Barazani pa msikiti, mwalimu mmoja akaleta hoja nyingine. Yeye alijua kuwa joto linatokana na tundu la ozoni, ambalo limeacha jua litupige moja kwa moja. Dhana hii imeenea sana, hata kwa waliosoma. Ozoni ni tabaka la juu linalozuia miale mikali inayodhuru ngozi na macho. Mwaka 1985 wataalamu walitangaza kuwa limepungua sana juu ya Ncha ya Kusini, kwa sababu ya gesi zilizokuwa zikitumiwa katika majokofu na mikebe ya kupulizia. Mwaka 1987 mataifa yakafanya Mkataba wa Montreal wa kuziacha gesi hizo, na tabaka hilo sasa linapona polepole. Hiyo ni habari njema, lakini si habari ya joto.

Joto lina mwendo mwingine. Jua hupasha ardhi na bahari. Ardhi na bahari nazo huirudisha hari ile juu. Na hewa ya ukaa hunasa sehemu yake kabla haijatoka. Hewa hiyo ni kama blanketi. Blanketi halina moto ndani yake, bali humzuilia aliyelala joto lake mwenyewe. Kabla ya zama za viwanda, katika kila chembe milioni za hewa, 280 hivi zilikuwa za hewa ya ukaa. Leo zimepita 420, kwa sababu ya kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kwa sababu ya kufyeka misitu. Na lau joto hili lingetokana na jua kuzidi ukali, hewa ya chini na ya juu zote zingepata joto. Vipimo vinaonyesha kinyume: hewa ya chini inapata joto ilhali tabaka za juu zinapoa. Hiyo ni alama ya blanketi.

Mwanafunzi mmoja wa kike, hodari wa kuuliza, akasema kuwa shuleni kwao husafisha ufuo kila mwezi ili kupunguza joto. Tulimsifu kwa usafi, kwani usafi ni katika dini yetu. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, na kasa na samaki wamepata nafuu kwayo. Lakini takataka za ufuoni si sababu kubwa ya joto la dunia. Mwenye kufagia pwani ametenda jema lake, ila asidhani kuwa ameipoza bahari.

Alasiri tukapelekwa katika daraja la mbao ambalo kina mama wa Gazi wanaliendesha ndani ya mikoko. Tulionyeshwa miti kwa majina yake: mkoko wenye mizizi kama miguu ya kaa, mchu, mkandaa, mlilana unaokaa mbele karibu na bahari, na mkomafi wenye tunda kubwa. Katika miaka ya 1970 miti mingi ya hapa ilikatwa iwe kuni za viwanda, na sehemu kadhaa zikabaki tope tupu. Upandaji ulianza miaka ya 1990. Kisha mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja, ambapo wanakijiji wanalinda hekta 117, na hewa ya ukaa inayofungwa humo huhesabiwa ikauzwa kwa wanaotaka kufidia uchafuzi wao. Mapato yameleta maji na mahitaji ya shule.

Hapa tulisikia dhana mbili zinazopingana. Mmoja alisema mikoko itamaliza tatizo la joto. Mwingine akasema Afrika inachangia kidogo mno, kwa hivyo hata tukikata mikoko yote haidhuru.

Wa kwanza hakupima. Mikoko Pamoja huhesabiwa tani zipatazo 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Dunia hutoa zaidi ya tani bilioni 35 kila mwaka kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Hakuna msitu wa pwani utakaoyaondolea mataifa makubwa wajibu wa kupunguza moshi wao, na ni haki yetu kuwadai hivyo. Wa pili naye amesema kweli katika hesabu akakosea katika hukumu. Ni kweli kuwa Kenya haifiki hata asilimia 1 ya uchafuzi huo. Lakini mkoko haukuumbwa kwa ajili ya hesabu ya wageni tu. Ndio unaovunja wimbi, unaoshika mchanga, na unaolea kamba, kaa na samaki wachanga. Akiukata mtu wa Gazi, hamdhuru aliye London. Anaubomoa ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alitufunza kuwa aliye na mche mkononi aupande hata kama Kiyama kimewadia. Hakutuambia tuhesabu kwanza kama mche huo utaiokoa dunia nzima.

Wasini

Kutoka Shimoni tulivuka kwa mashua hadi kisiwa cha Wasini. Kisiwani hakuna gari, wala hakuna kisima cha maji matamu. Wakazi wake wamezoea kukinga maji ya mvua na kuyaweka akiba. Kwa hivyo mvua ikichelewa mwezi mmoja, mwanamke wa Wasini anajua kabla ya mtaalamu yeyote.

Kina mama wa huko nao wana daraja lao, linalopita juu ya bustani ya matumbawe ya kale, miamba mikavu yenye maumbo ya ajabu. Mzee mmoja aliyetusindikiza akaigonga miamba hiyo kwa bakora, akasema: "Hapa palikuwa bahari. Mabadiliko yalikuwako tangu zamani, kabla ya gari na kiwanda. Basi yaacheni yaende zake."

Katika hoja zote tulizozisikia, hii ndiyo iliyostahili kujibiwa kwa makini, kwa sababu nusu yake ni kweli. Mwamba wa matumbawe wa mwambao wetu, ule ambao Fort Jesus imejengwa juu yake, uliota chini ya bahari. Zaidi ya miaka laki moja iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Dunia ya wakati huo ilipata joto kwa sababu njia yake ya kulizunguka jua ilikuwa imebadilika kidogo, mabadiliko ya maelfu ya miaka.

Lakini tuyatazame mawe hayo yanatufunza nini. Kwanza, yanatufunza kuwa joto kidogo tu hutosha kuipandisha bahari mita kadhaa. Joto la wakati ule halikuzidi la kabla ya viwanda ila kwa kiasi kidogo, karibu na hiki tulichokwishafikia sisi. Hilo si jambo la kutuliza moyo. Pili, kuwako kwa sababu ya zamani hakuondoi sababu ya sasa. Radi imechoma misitu tangu dunia iumbwe. Je, mtu akiyatia kiberiti makuti ya jirani yake, kadhi atamwachilia kwa kuwa moto ulikuwako kabla yake? Mzee wetu alicheka kwa hilo, akatafakari, na hakurudia hoja yake.

Mvuvi aliyekuwa nasi akakumbusha mwaka 1998, ambapo matumbawe ya bahari yetu yaligeuka meupe na sehemu kubwa ikafa, na samaki wakaadimika. "Ile ilikuwa El Nino," akasema, "si joto la dunia." Mambo haya mawili yafaa yatenganishwe bila kutengwa. El Nino ni mzunguko wa bahari ya Pasifiki, huja na kuondoka kila baada ya miaka michache, na ulikuwako tangu zama za kale. Joto la dunia haliondoki. Linapokutana na El Nino huwa ni kama mtu mwenye homa kuvalishwa koti. Bahari ndiyo iliyobeba zaidi ya asilimia 90 ya joto lililozidi duniani. Hivyo kila El Nino mpya huikuta ikiwa tayari na homa. Matumbawe huweza kupona akipewa nafasi baina ya homa moja na nyingine. Nafasi hiyo ndiyo inayopungua.

Vanga

Vanga tuliifikia siku za bamvua. Mji uko chini sana, mikoko ikiuzunguka, na bahari ikijaa kwelikweli maji huingia vichochoroni na katika baadhi ya nyumba. Tuliona vizingiti vilivyoinuliwa kwa matofali na vitanda vilivyopandishwa juu ya mawe.

Vijana wawili walikuwa wakibishana. Mmoja alisema bahari inajaa kwa mwezi, kama siku zote. Mwingine akasema barafu inayoelea baharini huko kaskazini inayeyuka.

Ni kweli kuwa mwezi ndio unaoleta bamvua na maji mafu. Lakini mwezi hupandisha maji kutoka pale yalipo, na pale yalipo pamebadilika. Tangu mwaka 1901 bahari za dunia zimepanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi, kadiri ya shibiri moja. Siku ya maji mafu shibiri hiyo huioni. Siku ya bamvua, maji yanapokuwa yamekwisha fika mlangoni, shibiri moja ndiyo tofauti ya kizingiti na godoro.

Ama barafu inayoelea, kila mama anayeandaa futari analo jawabu. Ukijaza gilasi ya sharubati yenye vipande vya barafu hadi ukingoni, barafu ikiyeyuka sharubati haimwagiki. Barafu inayoongeza bahari ni ile iliyokaa juu ya nchi kavu, kama Greenland, Antaktika na milima mirefu. Na kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui: maji yakipata joto hutanuka. Sufuria iliyojazwa pomoni humwagika kabla haijachemka. Bahari nayo ni hivyo.

Hata hivyo, insafu inatutaka tuseme kuwa si kila maji ya Vanga ni ya joto la dunia. Mto Umba, unaotoka milima ya Usambara, hufurika kwa mvua za huko. Mikoko ikikatwa, wimbi hupata njia. Nyumba ikijengwa katika mkondo, maji hayana pa kupita. Tukilitwika joto la dunia kila kosa, tutayasamehe makosa ambayo tungeweza kuyarekebisha mwaka huu huu. Watu wa Vanga na jirani zao wa Jimbo na Kiwegu wameifuata njia ya Gazi, nao wanalinda mikoko yao. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Baada ya Isha, mama mmoja mjane alitujia pamoja na mwanawe. Nyumba yake ameinua sakafu mara mbili. Mwanawe anataka kuoa na wana fedha kidogo za kujenga vyumba viwili. Je, wajenge hapo hapo? Ameshauriwa na watu watatu. Wa kwanza alimwambia kuwa bahari hupanda na kushuka, itarudi kama zamani. Wa pili alimwambia kuwa mikoko inayopandwa itairudisha. Wa tatu, na huyu alisema kwa jina la dini, alimwambia kuwa ni kudura ya Mwenyezi Mungu, basi akae asubiri.

Hapo ndipo tulipoona uzito wa yote tuliyokuwa tukiyaandika njia nzima. Dhana tatu, na kila moja ilikuwa tayari kumwamulia mjane mahali pa kuzitia fedha zake za mwisho.

Tulimjibu hivi. Bahari haitarudi chini katika uhai wake, wala wa mwanawe. Hata dunia ikiacha moshi leo, maji yataendelea kupanda kwa muda mrefu, ingawa kwa mwendo mdogo zaidi kuliko tukiendelea kuchafua. Mikoko itampunguzia nguvu ya wimbi, haitaondoa kina cha maji. Na kuhusu kudura, kila kitu ni kwa kudura yake Mola, na akili aliyotupa ni katika kudura hiyo. Qur'ani inawataja watu na matendo ya mikono yao pale inapotaja uharibifu uliodhihiri barani na baharini. Na Mtume alimwelekeza mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mola wake. Kusubiri ni ibada, lakini si ruhusa ya kuacha kamba chini. Nyumba ya zamani akae nayo na kuitunza kadiri inavyofaa. Vyumba vya mwanawe avijenge upande wa juu, mbali na mkondo wa mto na mbali na maji ya bamvua, hata ikiwa kiwanja hicho ni kidogo na hakina upepo wa bahari.

Ndugu zetu, nyote mlio pwani kutoka Vanga hadi Kiunga, kabla ya kununua kiwanja au kuweka msingi, uliza mambo matatu. Maji ya bamvua kubwa ya mwaka hufika wapi? Baina ya kiwanja na bahari kuna nini, mikoko au mchanga mtupu? Kisima cha jirani kina ladha gani sasa, na kilikuwa na ladha gani miaka ishirini iliyopita? Waulizeni kina nyanya; wao wanakumbuka. Na mkiwa na kamati ya msikiti au ya makaburi, waulizeni vivyo hivyo, kwani tunaowazika wanastahiki ardhi isiyoingia maji.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye manufaa, na atupe nguvu za kuitumia. Wabillahi tawfiq.